Faili Ikipotea: Jinsi ya Kuirejesha Kutoka Nakala ya Akiba

Orodha ya wanafunzi walioomba basari, daftari la chama, matokeo ya mitihani ya muhula, kumbukumbu za mikutano ya kamati ya maji na rekodi za samaki waliopimwa ufuoni: mengi kati ya haya yamehama kutoka vitabu vya jalada gumu na kuingia kwenye kompyuta na simu. Kazi imekuwa nyepesi, lakini hatari nayo imehama. Laptopu moja ikiibwa, ikipigwa na radi au ikiingiwa na virusi, kazi ya miaka inaweza kuondoka nayo kwa dakika moja.

Makala haya yanamweleza mkazi wa Migori, na jirani zetu wa Homa Bay wanaosoma jarida hili, jinsi ya kurejesha faili na folda zilizopotea kutoka nakala ya akiba, yaani ile ambayo wengi wetu huiita bekapu. Pia yanaeleza jambo ambalo husahaulika mara nyingi: nakala ya akiba haina faida mpaka uwe umejaribu kuirejesha na ukaona kwamba inafunguka.

Ni faili gani hasa za kuhofia?

Ukipoteza kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, kuna ofisi ya serikali yenye rekodi yako. Utalipa ada, utasubiri, lakini utapewa kingine. Cheti cha mtihani pia kina utaratibu wake katika Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Hasara kubwa iko kwenye kile ulichokiandika wewe mwenyewe. Daftari la chama chenu halipo katika ofisi yoyote ya serikali. Likipotea, hakuna dirisha la kwenda kupanga foleni.

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama 25 kinachanga shilingi 500 kila mmoja kila wiki. Hizo ni shilingi 12,500 kwa wiki, na kwa mwaka mzima wa wiki 52 ni shilingi 650,000. Nani amelipa, nani anadaiwa, nani amekopa na amerudisha kiasi gani, yote yamo kwenye faili moja katika laptopu ya mweka hazina. Faili hiyo ikipotea bila nakala, shilingi 650,000 zinabaki kutegemea kumbukumbu ya watu 25. Hapo ndipo ugomvi huanza, hata kama hakuna aliyeiba chochote.

Kama kikundi hicho kilikuwa na nakala ya mwezi uliopita, pengo ni la wiki nne tu, na pengo la wiki nne hujazika. Kwa hiyo unapojiuliza uweke nakala kila baada ya muda gani, jiulize swali hili: niko tayari kuandika upya kazi ya siku ngapi? Jibu lako ndilo ratiba yako.

Saa ya kwanza: acha kuandika

Faili ikitoweka, jambo la kwanza ni kuacha kutumia kifaa hicho kwa kazi nyingine. Sababu yake ni rahisi. Unapofuta faili, mara nyingi kompyuta haifuti maandishi yenyewe. Huondoa tu jina la faili kwenye orodha yake na kuweka alama kwamba nafasi ile iko wazi. Ni kama kibanda cha sokoni ambacho jina la mwenyewe limefutwa kwenye orodha ya soko, lakini mali yake bado imo ndani. Mali hiyo hutolewa pale mpangaji mpya anapoingia. Kila unapopakua video au kuweka programu mpya, unaweza kuwa umemwingiza mpangaji mpya juu ya faili yako.

Katika laptopu za kisasa zinazotumia diski aina ya SSD, mashine yenyewe husafisha nafasi iliyoachwa wazi, wakati mwingine baada ya muda mfupi sana. Kwa hiyo ukichelewa, nafasi ya kufaulu inapungua.

Ikiwa faili hazijatoweka bali zimebadilika majina, hazifunguki, na kuna ujumbe unaodai pesa ili uzifungue, hilo ni shambulio. Ondoa mashine kwenye intaneti mara moja. Tena, usichomeke diski yako ya akiba kwenye mashine hiyo. Virusi vya aina hii hushambulia kila diski iliyochomekwa, na nakala uliyoitegemea itafungwa pamoja na faili asili. Mwite fundi asafishe mashine kwanza, au urejeshe faili zako kwenye mashine nyingine iliyo salama. Kulipa pesa hizo hakukuhakikishii kwamba utarudishiwa chochote.

Anza kutafuta karibu

Kabla ya kuigusa nakala ya akiba, tafuta mahali pa karibu. Mara nyingi faili haijaenda mbali.

Kwanza, fungua alama ya pipa iliyo kwenye skrini ya kompyuta, iliyoandikwa Recycle Bin. Ukiiona faili yako humo, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Restore. Itarudi pale ilipokuwa. Kumbuka kwamba faili iliyofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida haipiti kwenye pipa hilo.

Pili, itafute kwa jina katika kompyuta nzima. Watu wengi huburuta folda na kuitumbukiza ndani ya folda nyingine bila kujua.

Tatu, angalia barua pepe na WhatsApp. Kama uliwahi kumtumia mwenyekiti au mkaguzi faili hiyo, nakala iko kwake na iko kwenye ujumbe uliotuma.

Nne, kama unatumia Google Drive, fungua sehemu ya Trash. Faili iliyofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa. Barua pepe iliyofutwa katika Gmail hukaa kwa muda huo huo. Ikiwa faili haijafutwa bali mtu ameiharibu kwa kuandika juu yake, tafuta sehemu ya Version history katika hati au jedwali la Google. Utaona hali ya faili ilivyokuwa jana au wiki iliyopita, na utaweza kuirudisha.

Tano, katika kompyuta ya Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties kisha Previous Versions. Hapo utaona matoleo ya zamani ya folda hiyo, lakini tu ikiwa huduma ya kuhifadhi matoleo, kama File History, ilikuwa imewashwa kabla ya faili kupotea. Anayetumia kompyuta ya Apple atapata huduma inayofanana na hiyo katika Time Machine.

Kurejesha kutoka diski au flashi ya akiba

Ikiwa hujaipata, sasa toa nakala yako. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Hakikisha mashine ni salama. Ikiwa una shaka ya virusi, tumia mashine nyingine.

2. Nakili, usihamishe. Tumia Copy, usitumie Cut. Nakala ya akiba ibaki mahali pake mpaka kazi iishe. Stima ikipotea katikati ya kuhamisha faili, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule.

3. Chagua tarehe sahihi. Nakala mpya zaidi si lazima iwe ndiyo bora. Ikiwa faili iliharibika Jumatatu na nakala ikawekwa Jumanne, basi nakala ya Jumanne imebeba uharibifu huo huo. Rudi kwenye nakala ya wiki iliyotangulia. Ndiyo maana inafaa kuweka nakala kadhaa za tarehe tofauti, badala ya kuandika juu ya nakala moja kila mara.

4. Weka faili kwenye folda mpya. Ipe folda jina linaloeleweka, kwa mfano "Imerejeshwa 12 Machi". Usiziweke juu ya faili zilizopo. Huenda ndani ya folda ya sasa kuna kazi ya wiki hii ambayo nakala ya akiba haina, na ukiandika juu yake utakuwa umepoteza mara ya pili.

5. Fungua uone. Usiridhike kwa kuona majina ya faili yamerudi. Fungua kadhaa. Nenda hadi mstari wa mwisho wa daftari. Linganisha jumla na risiti au kitabu cha benki. Hesabu majina ya wanachama.

6. Jaza pengo. Kwa kipindi kati ya nakala na siku ya hasara, kusanya risiti, ujumbe wa simu na taarifa ya M-PESA, ambayo mwenye laini anaweza kuiomba kutoka Safaricom. Andika upya ukiwa na mashahidi wawili wa kikundi, kisha kumbukumbu za mkutano zionyeshe kwamba hivyo ndivyo daftari lilivyorejeshwa.

7. Weka nakala mpya kabla ya kuendelea na kazi. Mashine iliyokuangusha leo inaweza kukuangusha kesho.

Simu na WhatsApp

Kwa wakazi wengi, simu ndiyo ofisi. Simu ya Android ikipotea au ikizama ziwani, mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kurudi ikiwa uliwasha huduma ya kuweka nakala kwenye akaunti ya Google. Wenye iPhone huweka nakala hiyo iCloud.

Anza kwa kurudisha laini yako, kwa sababu WhatsApp hurejesha mazungumzo kwa namba ile ile. Katika simu mpya, ingia kwa akaunti ile ile ya Google, pakua WhatsApp, thibitisha namba, na ukiulizwa kama unataka kurejesha mazungumzo, kubali. Usiruke hatua hiyo kwa haraka. Ukiiruka, utalazimika kuiondoa programu na kuiweka upya ndipo uulizwe tena. Ikiwa uliweka neno la siri kwenye nakala hiyo, lazima ulikumbuke. Bila neno hilo hakuna fundi wala kampuni itakayoweza kuifungua.

Tofautisha pia kulinganisha na kuhifadhi. Picha zilizo kwenye Google Photos zimelinganishwa na simu yako. Ukifuta picha ndani ya programu hiyo ili kupata nafasi, unaifuta pia kule mtandaoni. Huduma ya namna hii hukulinda simu ikiibwa, lakini haikulindi dhidi ya kidole chako mwenyewe. Kumbuka pia kwamba akaunti ya Google isiyolipiwa ina nafasi ya gigabaiti 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja, na nakala za WhatsApp katika Android nazo huhesabiwa humo. Nafasi ikijaa, nakala mpya huacha kuingia, na mtu asiyesoma ujumbe wa onyo hatajua.

Kwa wale wanaofanyia kazi saiba: usiache faili yako kwenye mashine ya watu. Baadhi ya mashine za saiba zimewekewa programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa mara tu zinapozimwa na kuwashwa. Faili uliyoiacha kwenye skrini jioni haitakuwapo asubuhi. Na mahali ambapo haifutiki, mteja anayefuata ataona kitambulisho chako. Jitumie faili kwa barua pepe kabla hujaondoka, kisha uifute pale na utoke kwenye akaunti yako.

Kama hukuwa na nakala

Bado kuna nafasi ndogo. Zima kifaa na umpelekee fundi unayemwamini. Zipo programu za kutafuta faili zilizofutwa, lakini programu hiyo isiwekwe kwenye diski ile ile iliyopoteza faili, na faili zinazopatikana zihifadhiwe kwenye diski nyingine. Diski inayotoa sauti ya kugonga au kukwaruza isiendelee kuwashwa. Fundi mkweli atakueleza mapema kwamba hana uhakika. Jihadhari na anayekuahidi kila kitu kabla hajaiona diski.

Nakala ambayo haijajaribiwa

Tarehe 31 Januari 2017, mtaalamu wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watengenezaji wa programu duniani, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye mashine ambayo hakuikusudia. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga na hasara kama hiyo. Walipozihitaji, waligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Njia mojawapo ilikuwa imeacha kuhifadhi chochote, na barua pepe za kutoa onyo hazikuwafikia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya tukio. Kazi iliyoingia katika saa hizo 6 ilipotea.

Hao ni wataalamu. Kwetu sisi, hatari huwa ya kawaida zaidi. Flashi iliyokaa kabatini miaka mitatu inaweza kukataa kusomwa. Zipo pia flashi bandia sokoni zinazoandikwa nafasi kubwa kuliko zilizo nayo. Zinapokea faili, zinaonyesha majina, lakini ukifungua hakuna kitu ndani. Njia pekee ya kujua ni kujaribu. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, chukua nakala yako, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, rejesha folda moja na uifungue. Ukishindwa siku hiyo hujapoteza chochote, kwa sababu faili asili bado ipo.

Nakala moja ikae mbali

Wakazi wa Nyatike wanajua mafuriko ya Mto Kuja. Wakazi wa fuo za Migori na Homa Bay wanakumbuka mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda na kuingia majumbani. Eneo letu lina radi nyingi, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Laptopu na flashi yake zikikaa kwenye droo moja, maji au moto mmoja huchukua vyote viwili.

Hata serikali zenye uwezo mkubwa zimejifunza hili kwa uchungu. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya serikali ilizimika. Hifadhi iliyotumiwa na watumishi wa umma kuweka faili zao, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Hapa kwetu, tarehe 25 Juni 2025, Mahakama ya Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu ilichomwa na rekodi zikaungua.

Kanuni ambayo mafundi hufundisha ni rahisi kukumbuka: tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu za kila faili muhimu, pamoja na ile unayofanyia kazi. Ziwe kwenye vifaa vya aina mbili, kwa mfano laptopu na diski ya nje. Na moja ikae mahali pengine. Kama kikundi kiko Muhuru Bay, nakala moja inaweza kukaa kwa mwanachama anayeishi Migori mjini au Rongo, au mtandaoni. Diski ya akiba ichomolewe kila baada ya kutumika. Diski iliyochomekwa muda wote haijakingwa na radi wala virusi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inamtaka anayeshughulikia data za watu kuweka mipango ya kuilinda, ukiwemo uwezo wa kuirejesha kwa wakati ikitokea ajali au hitilafu. Shule, zahanati, SACCO na ofisi za umma zinapaswa kulijua hilo. Data za watu zikiangukia mikono isiyostahili na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, taasisi inayozimiliki inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipotambua.

Kwa hiyo nakala ya akiba nayo ilindwe. Flashi yenye majina ya wanafunzi, namba za vitambulisho au hali za wagonjwa iwekewe neno la siri na ijulikane anayeishika. Wafanyabiashara nao wakumbuke kwamba sheria ya taratibu za kodi inawataka watunze rekodi zao kwa miaka 5. "Kompyuta iliharibika" si jibu litakalomridhisha mkaguzi.

La kufanya mwezi huu

Katika mkutano wenu ujao, wekeni ajenda moja ya dakika kumi. Ulizeni maswali manne na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu. Faili zetu muhimu ni zipi? Nakala zake ziko wapi, na kwa nani? Nakala ya mwisho iliwekwa lini? Nani ameifungua akaona inasoma?

Mweka hazina au karani asichukue swali la mwisho kama tuhuma. Linamlinda yeye kwanza, kwa sababu siku laptopu itakapogoma, ndiye atakayesimama mbele ya wenzake. Akiwa na nakala iliyokwisha jaribiwa, atahitaji nusu saa na risiti za wiki chache tu, na chama kitaendelea na kazi yake.